Vipindi vya kukarabati nyumba: tunayoyaamini na yaliyopo

"Vilianza na HGTV." Hapana. Chaneli hiyo ya Marekani iliingia hewani mwishoni mwa 1994, wakati Waingereza walishamzoea Barry Bucknell, aliyeonyesha ufundi wa nyumbani BBC tangu miaka ya 1950. Mwaka 1962 BBC ilinunua nyumba chakavu huko Ealing, London, na Bucknell akaikarabati hatua kwa hatua mbele ya kamera. Marekani ikaja na This Old House mwaka 1979, kutoka kituo cha WGBH cha Boston.

"Vinafundisha ufundi." Vile vya mwanzo, ndiyo. Bucknell alitaka mtazamaji ashike nyundo mwenyewe. Mambo yaligeuka 1996 kwa Changing Rooms ya BBC: majirani wanabadilishana nyumba, kila upande unapamba chumba cha mwenzake kwa siku mbili, kisha mwenye chumba anaambiwa afumbue macho. Tangu hapo msumari ni kisingizio tu. Kinachongojwa ni uso wa mwenye nyumba. Binafsi, nyuso zinazonuna ndizo zinazonifurahisha zaidi.

"Kazi inaisha upesi." Extreme Makeover: Home Edition, iliyoanza 2003, ilijenga nyumba nzima kwa siku 7. Ni kweli, ila kwa mafundi wengi mno wakipokezana usiku na mchana, huku ramani na vifaa vikiwa vimeandaliwa mapema. Katika vipindi vingine muda hukatwa wakati wa kuhariri: kusubiri kibali, plasta ikauke, au fundi bomba aliyeahidi kuja Jumatatu. Nani angeyatazama hayo?

"Wenye nyumba hupewa bure." Inategemea kipindi. Katika Property Brothers, bajeti ni ya mwenye nyumba mwenyewe. Extreme Makeover iligawa nyumba za msaada, lakini baadhi ya familia zilikuja kubanwa na kodi ya majengo na bili zilizopanda.

"Watazamaji ni watu wanaotaka kukarabati." Wengine ni wapangaji wasioruhusiwa hata kutoboa ukuta. Wanachokifuata ni fujo inayogeuka mpangilio kabla saa moja haijaisha, pamoja na raha ya kukosoa vigae vya wengine. Wala ukweli wa kipindi si sharti: mwaka 2012 ilibainika kwamba baadhi ya wahusika wa House Hunters, wanaoonekana wakitafuta nyumba, walikuwa wameshapata ya kununua kabla ya kurekodiwa. Kipindi kiliendelea kurushwa, na watu wakaendelea kubishana sebuleni ni nyumba ipi ingefaa.