Makaratasi ya Pipi Ndani ya Sanduku la Bati

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa chumba cha masjala, majalada yamerundikana hadi darini, nikaambiwa nikisafishe. Nikasafisha kweli kweli. Barua nilizipanga kwa tarehe. Bahasha zake, stakabadhi, tiketi za basi zilizobanwa kwa pini na vikaratasi vya hesabu za sukari nikavitia kwenye kiroba, tayari kwa kuchomwa. Mzee aliyenifundisha kazi akaingia, akakimwaga kiroba sakafuni. "Barua itakwambia bwana mkubwa alisema nini," akasema. "Sukari ilikuwa bei gani, utamuuliza nani?" Nikapiga magoti nikaviokota kimoja kimoja.

Nilimkumbuka mzee yule siku niliyoanza kusoma katalogi ya Hifadhi ya Ringelblum, mkusanyo wa kurasa zipatazo 35,000 uliofukiwa ardhini katika geto la Warsaw, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi, wakati Wayahudi wa Poland wanaangamizwa. Nilitarajia shajara na ripoti. Zimo, tena nyingi. Lakini yamo pia makaratasi ya pipi zilizotengenezwa ndani ya geto, tiketi za tramu, kadi za mgao wa chakula na mialiko ya tamasha. Kuna watu waliokuwa wanakufa njaa huku wakitunza makaratasi ya pipi, na walijua vizuri wanachokifanya.

Emanuel Ringelblum alizaliwa mwaka 1900, akawa mwalimu wa historia wa sekondari na mtafiti wa historia ya Wayahudi wa Warsaw. Agosti 1939 alikuwa Geneva kwenye mkutano wa Wazayuni. Vita ilikuwa inanukia, na wenzake kadhaa hawakurudi makwao. Yeye alirudi. Novemba 1940 Wajerumani walipolifunga geto kwa ukuta, zaidi ya watu 400,000 wakabanwa ndani ya eneo la kilomita za mraba tatu na ushei, yeye akakusanya marafiki wachache nyumbani kwake. Walizoea kukutana Jumamosi mchana, ndipo kundi likaitwa Oyneg Shabes, maana yake Furaha ya Sabato. Jina la sherehe, mtu akilisikia barabarani asishtuke.

Watu kama 60 walishiriki kwa nyakati mbalimbali. Hawakuwa maprofesa watupu. Alikuwemo rabi, Shimon Huberband, aliyeandika jinsi watu walivyoendelea na ibada kwa siri, na ambaye hakuona haya kukusanya hata vichekesho vya geto. Alikuwemo Peretz Opoczyński, mwandishi wa habari aliyegeuka tarishi wa posta. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Tarishi hupanda kila ngazi na kubisha kila mlango. Anajua nani amehama, nani amefariki, na nani hana hata senti ya kulipia kifurushi alicholetewa. Ukitaka kuujua mtaa, msome tarishi kabla ya kumsoma meya.

Rachela Auerbach aliendesha jiko la supu la umma katika mtaa wa Leszno, namba 40. Ringelblum alimsihi aandike habari za jiko hilo, naye akaandika bila kujisifu: aliwaona wateja wake wa kila siku wakivimba miguu, wakipungua, kisha wakitoweka kwenye foleni. Supu ile, aligundua, haikumwokoa mtu. Ilichelewesha tu kifo chake. Sijui wasimamizi wangapi wa misaada, zama zile au hizi, wangekubali kuliandika hilo kwenye ripoti yao.

Sasa tofauti iliyonifanya niandike makala hii. Sehemu kubwa ya nyaraka za Maangamizi ziliandikwa na waangamizaji. Wanazi walikuwa watu wa makaratasi: orodha za abiria wa treni, kadi za wafungwa, namba, mihuri. Karatasi hizo ni muhimu mno. Mjini Bad Arolsen, Ujerumani, kuna hifadhi yenye nyaraka zipatazo milioni 30 zinazohusu watu kama milioni 17.5 walioteswa na utawala ule, na mpaka leo familia huandika huko kuuliza babu aliishia kambi gani. Mahakamani, karatasi ya mkosaji mwenyewe ni ushahidi usiopingika kirahisi. Ila karatasi hiyo huja na lugha yake. Inaandika "kuhamishwa" pale ambapo mtu anapelekwa kuuawa. Mtafiti asiyejihadhari hujikuta ameazima lugha hiyo, anaandika ukurasa mzima wa idadi na njia za reli, na ndani yake hamna mtu hata mmoja mwenye njaa au mwenye mtani wake.

Mfano upo karibu nasi. Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto upande wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza, akahamia Berlin mwaka 1929, akafundisha Kiswahili chuo kikuu na kucheza filamu. Alikamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, lakini sheria za rangi zilizomnasa zilitoka jiko moja na zile zilizowanasa wao. Mengi tunayoyajua kumhusu tunayatoa kwenye majalada ya ofisi: ombi lake la mshahara wa uaskari uliobaki, ombi la nishani, majibu ya kukataliwa. Tunamwona kupitia macho ya karani aliyekuwa anamnyima.

Ringelblum na wenzake hawakutaka kuachwa mikononi mwa karani. Walitunga hojaji, wakawahoji wakimbizi waliomiminika Warsaw kutoka miji midogo, wakaandikisha insha za watoto, wakanakili kila walichoweza kwa karatasi za kaboni. Waliandika kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwa Kipolandi na Kiebrania. Ringelblum alisisitiza jambo moja: andikeni sasa hivi, kabla ya jambo la kesho kulifunika la leo, kwa sababu kwenye geto mwezi mmoja ulitosha kuyafanya mateso ya mwezi uliopita yaonekane neema. Wakakusanya hata mabaya ya watu wao wenyewe, rushwa ya Baraza la Wayahudi lililowekwa na Wajerumani na ukatili wa polisi Wayahudi. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mtu aliyeonewa ana kila sababu ya kujiandika msafi.

Mwanzoni mwa 1942 alifika kijana aliyejulikana kama Szlamek. Alikuwa ametoroka Chełmno, kambi ya mauaji, ambako alilazimishwa kufukia maiti za watu waliouawa kwa moshi wa sumu ndani ya malori. Hersz Wasser, katibu wa kundi, na mkewe Bluma walimsikiliza na kuandika. Kuanzia hapo hifadhi haikuwa tena kwa ajili ya wajukuu tu. Taarifa zilitolewa kwa njia za siri za wapiganaji wa chini kwa chini wa Poland hadi London, na Juni 1942 redio ya BBC ikatangaza habari za mauaji ya Wayahudi wa Poland.

Julai 22, 1942 yakaanza yale makubwa. Matangazo yakabandikwa ukutani: wakazi "watahamishiwa mashariki". Baada ya siku chache likaongezwa jingine: atakayejileta mwenyewe kituoni atapewa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jamu. Watu waliokaa na njaa karibu miaka miwili wakapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na wapo walioshika watoto wao mikono wakaenda. Treni ziliishia kambi ya mauaji ya Treblinka, mwendo wa kilomita kama 80. Katika wiki saba waliondolewa zaidi ya watu 260,000.

Agosti 3, mitaa ya jirani ikiwa imezingirwa, mwalimu Izrael Lichtensztajn na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake walishuka kwenye chumba cha chini cha shule, mtaa wa Nowolipki namba 68, wakafukia masanduku 10 ya bati. Dawid Graber alikuwa na miaka 19, Nachum Grzywacz miaka 18. Kila mmoja aliongeza wosia wake juu ya karatasi za wengine. Graber aliandika kwamba yale wasiyoweza kuupigia ulimwengu kelele wameyazika ardhini. Grzywacz aliandika kwamba amesikia jengo la wazazi wake limezingirwa, anakimbia kuwaona; kisha akataja jina lake kamili ili likumbukwe.

Februari 1943 ikafukiwa sehemu ya pili, safari hii kwenye madebe mawili ya chuma ya kubebea maziwa. Humo umo ushuhuda ambao Auerbach aliuchukua kwa Abraham Krzepicki, aliyekaa Treblinka siku 18 kabla ya kutoroka. Ringelblum, mkewe Yehudit na mtoto wao Uri waligunduliwa mafichoni Machi 1944, wakauawa. Katika kundi zima walibaki watatu wa kuhesabika: Auerbach, Hersz Wasser na Bluma.

Auerbach ndiye aliyepiga kelele baada ya vita kwamba hifadhi ichimbuliwe. Geto lilikuwa limesawazishwa, kifusi mtindo mmoja, hakuna mtaa wala namba ya nyumba. Wasser alijua mahali, lakini kujua mahali kwenye bahari ya matofali ni kazi nyingine. Walipima, wakachimba njia chini ya kifusi, na Septemba 18, 1946 wakayatoa masanduku. Madebe ya maziwa yakapatikana Desemba 1950, wajenzi wakichimba.

Niruhusuni nizungumze kama fundi kidogo. Masanduku yale ya bati hayakuwa yamezibwa kwa kuchomelewa, hapakuwa na muda. Maji yaliingia. Karatasi zikagandana, ukungu ukaota, wino ukatoka na kuhamia ukurasa wa jirani. Sisi tuliofanya kazi pwani tunaifahamu harufu ile kabla hata hujafungua jalada. Wino wa kalamu huyeyuka. Penseli na kaboni huvumilia. Kwa hiyo kuna kurasa ambazo nakala ya kaboni imelishinda andiko lenyewe, na mtu aliyekosa wino akaandika kwa penseli ndiye anayesomeka vizuri leo. Pini za chuma zimeacha madoa ya kutu yanayopita kurasa nne, tano. Usiyachukie madoa hayo: ndiyo yanayokuonyesha karatasi zipi zilikaa pamoja na kwa mpangilio gani. Madebe ya maziwa, kwa kuwa yalitengenezwa yasivuje, yaliilinda sehemu ya pili vizuri zaidi.

Yote hayo yako Warsaw, kwenye Taasisi ya Historia ya Wayahudi, na mwaka 1999 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Picha za kurasa nyingi zipo mtandaoni bure. Asiyejua Kipolandi asiogope. Anzeni na michoro.

Sehemu ya tatu, iliyofukiwa Aprili 1943 katika mtaa wa Świętojerska, haijapatikana isipokuwa kurasa chache zilizoungua. Siku hizi eneo hilo ni la ubalozi wa China, na mwaka 2003 bustani yake ilichimbwa bila mafanikio.

Nimesema anzeni na michoro kwa sababu ya Lichtensztajn. Katika wosia wake hakuomba shukrani wala mnara. Aliomba mkewe akumbukwe, mchoraji Gela Seksztajn, ambaye kazi zake zipatazo 300 aliziweka ndani ya masanduku yale, sura za watoto zikiwa nyingi mno. Akaomba na binti yao akumbukwe, Margalit. Akaandika umri wake siku hiyo: miezi 20.