Leseni ya utangazaji: mkono wa serikali unaishia wapi?

Leseni ya utangazaji ni ruhusa ya kutumia kitu ambacho si mali ya mwenye kituo. Studio ni yake, maikrofoni ni zake, watangazaji anawalipa yeye. Masafa yanayobeba sauti yake, hata hivyo, ni mali ya umma, na dola ndiyo inayoyagawa. Ndiyo maana mwenye redio, mwenye gazeti na mwenye kiwanda cha sabuni hawako sawa mbele ya serikali, hata kama wote ni wafanyabiashara binafsi wanaolipa kodi ileile.

Tatizo ni kwamba neno "udhibiti" limebebeshwa mambo manne yasiyofanana: kugawa masafa, kusimamia usambazaji wa mawimbi, kuweka masharti ya umiliki, na kusimamia maudhui. Kila moja lina sababu zake, na sababu za moja haziwezi kuazimwa kuhalalisha jingine. Ukifuatilia ugomvi kati ya serikali na vyombo vya habari, mara nyingi utakuta mamlaka yaliyotolewa kwa ajili ya jambo moja yametumika kwa jingine.

Tuanze na masafa, kwa sababu hapo hoja ya serikali ina nguvu kuliko kwingine kote. Redio ya FM hutumia megahezi 87.5 hadi 108, yaani upana wa megahezi 20.5 tu. Katika mji mmoja, ukitenganisha vituo kwa megahezi 0.4 ili redio ya bei nafuu isichanganye kituo na jirani yake, unapata nafasi zipatazo 50, halafu basi. Mpango wa masafa hayo kwa Afrika na Ulaya uliandikwa Geneva mwaka 1984, na nchi zinazopakana hulazimika kuelewana, maana mtambo wa Taveta hausimamishi mawimbi yake mpakani.

Leseni ya masafa kwa hiyo hutaja vitu vinavyopimika: masafa yenyewe, nguvu ya mtambo, urefu wa antena, mahali mnara ulipo na eneo linalopaswa kufikiwa. Mambo huharibika mwenye kituo akipandisha nguvu kimyakimya ili afike wilaya ya pili, au akifunga mtambo wa bei rahisi usio na kichujio kizuri. Mitambo miwili yenye nguvu ikikaa kilima kimoja bila vichujio, mawimbi yake huchanganyika na kuzaa wimbi la tatu. Chukua 107.1 na 104.1: zidisha ya kwanza mara mbili, toa ya pili, unapata 110.1. Hapo umeshatoka kwenye redio ukaingia kwenye masafa ya vifaa vinavyoongoza ndege kutua. Mkaguzi akija na kipimo chake na kuuzima mtambo kama huo, hakuna uhuru wa habari ulioguswa, na mwenye kituo akilia kwamba anaonewa tusimsikilize sana.

Hoja hii ya uhaba imekwenda mbali kuliko ufundi. Nchini Marekani, mwaka 1969, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kituo kidogo cha redio cha Pennsylvania kinaweza kulazimishwa kumpa muda wa kujibu mtu aliyeshambuliwa hewani. Msingi ulikuwa kwamba masafa hayatoshi kila mtu, hivyo aliyepewa anayashika kwa niaba ya wengine. Miaka mitano baadaye mahakama hiyohiyo iliitupa sheria ya Florida iliyotaka kulazimisha gazeti la Miami lichapishe majibu ya mgombea. Kitendo kinakaribia kuwa kilekile, uamuzi ni kinyume kabisa, na sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba karatasi haigawiwi na serikali.

Sasa njoo kwenye dijitali, ambapo hesabu hiyo ilibadilika bila wengi kutambua. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa televisheni ya analojia katika eneo letu la dunia. Tanzania iliwahi, ikaanza kuzima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Katika analojia, chaneli moja ya televisheni ilimeza megahezi 8 peke yake. Kwa mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2, megahezi hizohizo 8 hubeba chaneli 15 hadi 20 za ubora wa kawaida. Uhaba wa masafa ukapungua kwa mkupuo mmoja.

Lakini uhaba haukutoweka, ulihama. Zamani kila kituo kilikuwa na mtambo na mnara wake, na aliyetaka kuvizima vyote alipaswa kuzunguka vilima. Katika dijitali, kituo hutengeneza vipindi na kumpelekea msambazaji, naye huviunganisha pamoja katika mkondo mmoja (mtambo wake huitwa maltipleksi) na kuurusha hadi kwenye king'amuzi cha mtazamaji. Wasambazaji ni wachache, leseni zao ni chache, na swichi zao ni chache zaidi. Anayeshika leseni ya usambazaji anashika mlango wa kila aliyeko nyuma yake. Tukiulizwa ni kifungu gani cha sheria ya utangazaji kisomwe kwa makini kuliko vyote, tutajibu ni hicho cha usambazaji, ingawa watu hukimbilia vya maudhui.

Kenya ililijua hilo kwa gharama. Leseni za kusambaza zilikwenda kwa Signet, kampuni tanzu ya shirika la utangazaji la umma, KBC, na kwa Pan African Network Group, kampuni ya Kichina. Kampuni tatu kubwa za habari, Nation, Standard na Royal Media, zilikataa kuwapelekea wengine vipindi vyao zikaenda mahakamani, na kesi ikafika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu tarehe 29 Septemba 2014. Hatimaye zilipata usambazaji wao wenyewe kupitia Africa Digital Network, ila mitambo ilikuwa haijafungwa vya kutosha siku ya kuzima analojia ilipofika. Katikati ya Februari 2015 NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani karibu wiki tatu. Kila upande ulikuwa na maslahi ya pesa hapo, tusidanganyane, lakini swali la msingi lilikuwa halali: je, unaweza kumkabidhi kipindi chako msambazaji anayemilikiwa na serikali au na mshindani wako?

Jibu la kuogofya lilikuja tarehe 30 Januari 2018, tena likaonyesha kwamba kuwa na msambazaji wako hakutoshi. Vituo hivyohivyo vilitaka kurusha mubashara tukio la kiongozi wa upinzani Raila Odinga kujiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Serikali ilizima mitambo iliyoko Limuru. Hakuna aliyedai kwamba vituo vilikuwa vimezidisha nguvu au kuvamia masafa ya mwingine. Mahakama Kuu iliamuru virudishwe tarehe 1 Februari, lakini NTV na KTN zilirudi tarehe 5, na Citizen tarehe 8. Huo ndio mfano safi wa mamlaka ya masafa kutumika kwa ajili ya maneno.

Na ajabu yake ni kwamba katiba ilikuwa imeshauchora mpaka huo. Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza dola kuingilia watangazaji au kumwadhibu mtu kwa maudhui aliyotangaza. Leseni kinaziruhusu, ila kwa masharti mawili: ziwe za lazima kwa ajili ya kusimamia mawimbi na usambazaji, na utaratibu wake usiwe chini ya serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Angalia hilo la mwisho. Mara nyingi tunaiogopa serikali tukasahau kwamba mdhibiti aliyewekwa mfukoni na kampuni kubwa huua vituo vidogo vilevile, kwa utaratibu zaidi.

Upande wa pili wa usambazaji ni wajibu wa kubeba: sheria inapomlazimisha mwenye king'amuzi aonyeshe chaneli za ndani zisizolipiwa. Hapa serikali inaingia moja kwa moja kwenye biashara ya mtu, ikimwambia cha kuweka kwenye rafu yake. Sababu ipo, kwani bila wajibu huo asiye na pesa ya kifurushi hupoteza taarifa ya habari siku kifurushi kinapokwisha. Mwaka 2018 Tanzania ilionyesha jinsi wajibu huo unavyotegemea aina ya leseni. TCRA, mamlaka inayodhibiti mawasiliano nchini humo, ilivitaka ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku viondoe chaneli za ndani za bure, kwa sababu leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia, wakati wasambazaji wengine walikuwa na wajibu wa kuzibeba bila malipo. Kisheria mantiki ilikuwepo. Sebuleni, aliyekuwa amenunua dishi alijikuta na king'amuzi kizima kisichoonyesha ITV.

Umiliki tuupitie haraka. Masharti ya kawaida ni mawili: kikomo kwa mgeni na kikomo kwa mlimbikizaji. Kanuni za Kenya za 2009 zilikataza mtu mmoja kupewa zaidi ya masafa moja ya huduma ileile katika eneo lilelile. Kampuni za simu za Tanzania ziliwekewa sharti zito zaidi, la kuuza asilimia 25 ya hisa kwa umma kupitia soko la hisa la Dar es Salaam. Vodacom ilitangulia mwaka 2017 na hisa milioni 560 kwa Sh850 kila moja, jumla takriban Sh bilioni 476. Awali mauzo yalikuwa ya Watanzania peke yao. Pesa za ndani hazikutosha, muda ukaongezwa, sheria ikarekebishwa wageni wakaruhusiwa, ndipo hisa zikaisha. Nia ya kuwapa wananchi sehemu ya faida si mbaya, ila asilimia iliwekwa bila kupima kina cha mfuko wa mnunuzi.

Maudhui ndipo hoja ya serikali inapokuwa nyembamba zaidi, ingawa haiishi kabisa. Saa za kulinda watoto zinakubalika karibu kila mahali. Kenya huzihesabu kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, Uingereza mpaka wao jioni ni saa 3 usiku. Kanuni ya aina hii ina sifa tatu njema: inajulikana kabla, inapimwa kwa saa ya ukutani, na inamhusu kila mtu. Linganisha na kosa la "kukiuka maadili" au "uchochezi" ambalo maana yake huijua anayeadhibu baada ya kipindi kwisha. Januari 2018 Kamati ya Maudhui ya TCRA iliviadhibu vituo vitano vya televisheni, faini jumla Sh milioni 60, kwa kurusha habari ya taarifa ya kituo cha haki za binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Faini ikilipwa imekwisha, lakini mhariri wa kituo cha sita, ambaye hakutozwa chochote, kesho yake huiweka kando habari ya namna hiyo. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti yoyote.

Kuna mkono mwingine ambao hauandikwi kwenye leseni kabisa, nao ni tangazo la biashara. Serikali ni miongoni mwa wateja wakubwa wa vyombo vya habari. Machi 2024 taasisi za serikali ya Kenya ziliagizwa zipeleke matangazo yao ya redio na televisheni KBC peke yake. Hakuna mtambo uliozimwa wala mhariri aliyeitwa. Chombo binafsi kikipoteza mteja wa namna hiyo hupunguza waandishi, na dawati la uchunguzi ndilo la kwanza kufungwa, maana ni la gharama na halileti tangazo.

Kwa mwenye kituo aliyepokea barua ya mdhibiti, kazi ya kwanza ni kutafuta kifungu kilichotajwa, kisha kuuliza kama adhabu imetoka kwenye kifungu hichohicho. Kosa la maudhui likijibiwa kwa kunyang'anya masafa, hapo pana hoja ya rufaa. La pili ni kuangalia kama alipewa muda wa kujieleza kabla ya uamuzi, kwa sababu maamuzi mengi huangukia hapo hata pale kosa lilipokuwepo. Rufaa ya Tanzania dhidi ya TCRA huenda Baraza la Ushindani, na ya Kenya huenda kwenye baraza la rufaa za mawasiliano na multimedia, ambalo kwa sheria ya 2013 laweza kutoza chombo hadi Sh milioni 20 na mwandishi hadi Sh500,000 za Kenya. Nakala ya kipindi kilicholalamikiwa itunzwe nzima, bila kuhaririwa. Kituo kisicho na rekodi yake hubaki kubishana na kumbukumbu ya mlalamikaji.

Televisheni za mtandaoni zimeiacha hoja ya uhaba bila mguu. Hakuna masafa yanayogawiwa YouTube. Hata hivyo kanuni za Tanzania za 2018 zilizitaka blogu na televisheni za mtandaoni zikate leseni, ada ya mwaka ikiwa Sh1,000,000, kiasi kilichowafanya wengi kufunga. Tarehe 25 Juni 2025, Kenya ilipozuia kurushwa mubashara kwa maandamano na mawimbi ya vituo vitatu yakakatwa, vituo hivyo viliendelea kuonekana mtandaoni mchana kutwa. Aliyekosa picha alikuwa mtazamaji wa king'amuzi na antena ya juu ya bati, yuleyule ambaye chaneli za bure zilitungiwa sheria kwa ajili yake. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo siku hiyohiyo.