Qantas haijawahi kuanguka?

Dai kwamba ndege za Qantas, shirika la ndege la Australia, hazijawahi kuanguka lilivuma zaidi baada ya mhusika wa filamu moja ya Marekani ya 1988 kulitamka. Watu wakalimeza zima zima. Si kweli.

Qantas ilianzishwa 1920 Queensland, Australia, ikiwa kampuni changa yenye ndege za injini moja, mbawa zimefunikwa kitambaa. Machi 1927, huko Tambo, moja ilipunguza mwendo mno ikijiandaa kutua. Mbawa zikashindwa kuibeba, ikaanguka. Watu watatu walikufa. Mwaka 1934 ulikuwa mbaya zaidi: Oktoba ndege ilianguka karibu na Winton, na Novemba ndege ya abiria aina ya DH.86, mpya kabisa, ikiwa bado njiani kuletwa kutoka Uingereza, ikaanguka karibu na Longreach na kuua wanne. Vita vya Pili vya Dunia viliongeza vifo vingine.

Ukweli uliozaa dai hilo ni mwembamba, ingawa unastahili heshima: tangu ianze kurusha ndege za jeti, 1959, Qantas haijapoteza abiria katika ajali ya jeti. Hata Bangkok, 1999, Boeing 747 yake ilipopitiliza njia ya kutua kwenye mvua kubwa, hakuna aliyekufa.