Sangara hana ukoo

Mzee mmoja wa mwalo, yaani mahali boti za uvuvi zinapotia nanga, upande wa Mukono, Uganda, alinifundisha kazi yangu ya kusimamia uvuvi kwa dakika mbili, na wala hakukusudia. Alikuwa anatoa samaki wavuni, mimi nimesimama pembeni na ubao wa kupimia. Akatoka kamongo mnene, angali anajipinda. Mzee akamshika kwa kipande cha gunia, akamrudisha majini taratibu kama anayelaza mtoto. Aliyefuata alikuwa sangara. Nikampima: sentimita 41. Sheria inataka asipungue 50. Mzee akamtupa kwenye ndoo bila kumwangalia mara ya pili.

"Ssalongo, mbona yule umemwachia na huyu umemchukua?"

"Yule ni wa kwetu, mwanangu. Huyu alikuja na Wazungu."

Ssalongo ndivyo Waganda wanavyomwita baba wa mapacha. Mzee huyu ni wa ukoo wa Mmamba. (Msomaji wa Mombasa asishtuke: mmamba wa Waganda si mamba mla watu, ni kamongo.) Kamongo ndiye mwiko wao, hawamli. Mkuu wa ukoo huo, Gabunga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa hiyo hawa si wageni wa ziwa. Hata furu, wale samaki wadogo waitwao nkejje, wana ukoo wao. Sangara hana. Aliingizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, akawamaliza furu wa aina nyingi, akajenga viwanda, akasomesha watoto. Lakini hakuna bibi aliyewahi kumwambia mjukuu wake kwamba huyu haliwi.

Kwa miaka mingi niliamini wavuvi wanavunja sheria kwa kukosa elimu. Nilibeba mabango yenye picha ya sangara jike na mamilioni ya mayai yake. Ssalongo anayajua mayai hayo kunishinda mimi. Anakutajia hadi ghuba wanamokulia vifaranga. Hatukuwa tunabishana juu ya samaki. Tulikuwa tunabishana juu ya kipi kinauma kukipoteza, na hilo, bango langu halikuligusa.

Siku hizi nikiitisha kikao, kabla sijafungua faili namuuliza kila mtu swali moja: ukipoteza nini ndipo utasema ziwa limekufa? Nauliza kwa Kiswahili, maana mwaloni utakuta Mganda, Msoga, Mjaluo, Mkongo na mwanajeshi wa Gulu kwenye benchi moja. Pale Mukono kijana mwenye boti alijibu: mkopo wa injini ukinishinda. Afande akasema yeye ana amri, hana jibu; baadaye, tukiwa wawili, akaniambia kwao mto umekauka naye hataki kuliona tena. Ssalongo akasema: wajukuu wakimjua kamongo kwa jina tu.

Mama mmoja anayekausha samaki akageuza swali. "Hiyo 50 yako, mwalimu, ni ya nani?"

Nikaanza habari za kuzaa. Akanikatiza kwa adabu. Sangara mkubwa, alisema, anapandishwa kwenye lori la barafu, anakwenda kiwandani, minofu inakwenda Ulaya. Sisi tunarudishiwa mgongo wazi, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Sangara ambaye mtoto wangu anamla ni huyo huyo unayemkataza.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na jedwali mfukoni. Kwenye fani yetu tunayapa mapendekezo alama kwa vigezo kadhaa, na kila kigezo kina uzito wake. Samaki wanaozaa nilikuwa nimewapa 40 kati ya 100, mapato 30, wepesi wa doria 20, chakula cha mwaloni 10. Uzito huo niliupanga Kampala, nikinywa chai. Biolojia inaweza kukueleza sangara anazaa akiwa na urefu gani. Haiwezi kukueleza kwamba kitoweo cha mtoto kina thamani ya 10. Hiyo 10 ilitoka kwangu: mtoto wa mwalimu, sikuwahi kulala njaa, na chuoni nilifundishwa kuhesabu mayai. Ni maadili yangu niliyoyavisha tarakimu.

Tukapanga uzito upya pale pale, kwa kokoto. Chakula kikapanda hadi 30, na pendekezo nililokuwa nimelipa nafasi ya kwanza, kuzuia kabisa sangara wadogo wasiuzwe mwaloni, likashuka hadi la tatu. Samaki hawakubadilika. Aliyebadilika ni mshika kokoto.

Lililopanda juu sikulitegemea: kufunga ghuba moja yenye mafunjo, nyavu zisiingie kabisa. Kamongo hujenga kiota kwenye vinamasi kama vile, na dume hukilinda. Ngege (tilapia) nao huzalia kwenye maji ya kina kifupi. Ssalongo alikubali kwa ajili ya ndugu yake, mama kwa ajili ya ngege, kijana kwa sababu ghuba ile inamkatia nyavu bure. Sikumlazimisha mmoja aazime sababu ya mwenzake. Zamani ningepoteza siku nzima nikitaka wote wakubali sababu yangu.

La sangara halikuisha. Kamati za mialo zilisimamishwa mwishoni mwa 2015, jeshi likapewa doria mwaka 2017, na sheria inabaki sheria: 50 ni 50. Nilimwambia mama hivyo, kwamba sina mamlaka ya kuipunguza, na kwamba kusema kweli hata ningekuwa nayo nisingeipunguza. Akacheka. "Sasa angalau umesema ni wewe."

Mchana tukaletewa chakula: matoke, na sangara wa kuchemsha kwenye sufuria moja, kichwa na mkia vimeachwa kwa heshima ya mgeni. Nikaangalia nafasi kati ya kichwa na mkia. Hakufika 40. Mama alikuwa amesimama na birika la maji, ananisubiri. Nikanyoosha mikono, akaninawisha.