Je, wajua kwa nini watu wanaoishi kwenye yoti, zile boti za tanga za safari, huitana kwa majina ya boti zao?

Jioni moja pale Mikindani, chini ya kilima cha Boma, bibi mmoja anayeuza ming'oko alimuuliza mama wa kizungu aliyekuwa akivuta kihori chake cha mpira mchangani: "Yule mwenzako unayekula naye kila siku, jina lake nani?" Mama yule, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alifikiri, akacheka, akanyoosha kidole ghubani na kutaja jina la boti. Wiki tatu walikuwa wakipikiana. Jina la ukoo la mwenzake hakuwahi kuliuliza.

Bibi akanigeukia. "Mjukuu wangu, hivi watu hawa wanaishije?"

Swali lake lina jibu, na jibu lenyewe linaanzia kwenye redio.

Yoti inayosafiri masafa marefu huwa na redio ya VHF. Ukitaka kumwita jirani unaita kwenye chaneli 16, ile inayosikilizwa na vyombo vyote kwa ajili ya wito na dharura. Akiitika mnahamia chaneli nyingine mkaongee huko, maana 16 si ya porojo. Na unachokiita ni chombo, si mtu. Leseni ya redio hutolewa kwa chombo. Namba ya tarakimu 9 inayokitambulisha ni ya chombo. Hata kile kifaa kinachorusha hewani mahali boti ilipo, ambacho siku hizi wengi wanacho, kikikuonyesha doa kwenye kioo usiku wa manane kitakutajia jina la chombo, urefu wake, kasi yake na upande kinakoelekea. Nani amelala ndani, na anakoroma kwa lugha gani, hakisemi. Kwa hiyo unaweza kumjua mtu kwa jina la boti siku kumi kabla hujamwona uso.

Likishakaa hilo, limekaa. Sisi wala tusishangae. Mtaani kwetu ni nani anayemwita Mama Salma kwa jina alilopewa na baba yake? Wengine tumekula kwake utotoni mwote na jina lenyewe tulilisikia siku ya msiba.

Wanapokuja kuwa majirani, salamu yao ya kwanza nayo si "hujambo". Ni "umetoa mnyororo mita ngapi?" Mara ya kwanza kuisikia nilidhani ni utani. Kumbe ni swali zito kuliko kuulizana hali.

Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Inashika kwa sababu mnyororo umelala chini na kuivuta kwa ulalo, ikajichimbia kwenye mchanga au matope. Mnyororo ukiwa mfupi unainyanyua, inang'oka. Ndiyo maana wengi hufuata hesabu ya mara tano: pima kutoka omo, yaani mbele ya boti, hadi chini maji yakiwa yamejaa, zidisha kwa 5. Kwenye pwani yetu ya Mtwara hesabu hiyo inataka akili, kwa sababu siku za bamvuo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Umefika maji yametoka, kina ni mita 6. Yakijaa yatakuwa 9, omo iko mita moja juu ya maji, jumla 10. Basi toa mita 50. Ukitoa 30 kwa kuangalia kina cha saa ile, usiku utaamshwa.

Sasa boti yenye mnyororo wa mita 50 huzunguka kwenye duara kubwa kila upepo na mkondo unapogeuka. Jirani naye ana duara lake. Mmoja akitoa mita 50 na mwingine 25, usiku mmoja wataamkia kugongana. Kwa hiyo unapoulizwa urefu wa mnyororo, unaulizwa kama mtaweza kukaa pamoja.

Na hapo ndipo urafiki unapokwenda mbio kuliko wa nchi kavu. Umekwenda sokoni Mtwara mjini, kilomita kama kumi kutoka Mikindani, unatafuta vitunguu na bolti. Upepo unaanza. Nanga yako inaanza kuburura. Atakayeiokoa nyumba yako si polisi wala zimamoto, ni yule aliye karibu na mwenye kihori. Ataruka ndani ya boti yako, aongeze mnyororo, awashe injini ikibidi. Lazima basi awe anajua ufunguo uko wapi na injini yako inawashwaje. Fikiria umempa mtu ufunguo wa nyumba baada ya kufahamiana siku mbili. Kwetu mtu wa namna hiyo tungempeleka kwa wazee akasemwe.

Maisha ya kila siku yenyewe hayana raha ile inayoonekana kwenye picha. Asubuhi, kabla ya chai, mtu anafunua ubao na kuchungulia ngamani, chini kabisa ya boti, kuona maji yameingia kiasi gani. Halafu anaangalia betri, kwa sababu umeme wote unatoka kwenye paneli za jua, na friji peke yake hula nusu ya akili ya mwenye boti. Maji matamu ndiyo mali. Tangi la lita 300 kwa watu wawili, kila mmoja akitumia lita 10 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga, linakwisha baada ya siku 15. Vyombo huoshwa kwa maji ya chumvi, vikasuuzwa kwa kikombe kimoja. Nimewaona wakipakia madumu ya lita 20 kwenye kihori, manne kwa safari moja, mawimbi madogo yakiruka ndani, mwanamume anapiga kasia na mkewe amekumbatia dumu la mwisho mapajani kama mtoto, kifuniko chake kimefungwa na kipande cha mfuko wa rambo.

Ndiyo maana hakuna boti inayojitosheleza. Mmoja ana cherehani ya kushonea tanga, mwingine aliwahi kuwa muuguzi, mwingine anajua dizeli. Kichwa cha mtungi wa gesi walichonunua nchi moja hakiingii kwenye mtungi wa nchi nyingine, basi mwenye kiunganishi anatembelewa kama mganga. Pesa hapo haisaidii sana. Ukimpa jirani noti kwa kukutengenezea pampu, unamtia aibu. Unampelekea mkate, au nusu ya nguru uliyemvua.

Halafu kuna upepo, na huu kwa maoni yangu ndio kiini cha mambo yote. Mkondo wa bahari unaotoka mashariki hulipiga bara karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mto Ruvuma, ukagawanyika: tawi moja hushuka Msumbiji, jingine hupanda kaskazini kupita mbele ya Mtwara na Lindi. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hivi, upepo na mkondo vyote vinasukuma kaskazini, na safari ya Kilwa au Zanzibar ni kama kuteremka mlima. Ukitaka kushuka kusini unangoja kaskazi, na hata hapo upepo utakusukuma huku mkondo ukikurudisha. Vikipingana hivyo mawimbi husimama wima, mafupi, yenye hasira. Kati ya msimu mmoja na mwingine ndipo panapokuwa na maleleji, upepo usio na msimamo. Wazee wakauita wakati huo tanga mbili. Msafiri mwenye akili anatulia.

Kwa hiyo watu wasiojuana, waliotoka pande mbalimbali, wanajikuta kwenye ghuba moja iliyofungika vizuri kama Mikindani, wote wanangoja kitu kimoja ambacho hakuna awezaye kukiharakisha. Miji yetu ya pwani haikukua vingine. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi yakangoja kusi ya kurudia, na katika kungoja huko watu wakafanya biashara, wakaoa, wakaacha watoto na maneno. Wenye yoti wanarudia mchezo uleule, ila wao hawaoi.

Hofu nayo imewasogeza karibu. Oktoba 2009 wenzi wa Kiingereza, Paul na Rachel Chandler, walitekwa na maharamia wa Kisomali walipokuwa wametoka Shelisheli kuja Tanzania. Waliachiwa Novemba 2010, baada ya zaidi ya mwaka mzima. Miaka ile yoti zilipungua sana upande huu, na waliothubutu walipenda kuandamana mbili mbili, kila moja ikiiona taa ya mwenzake. Na tangu vurugu za Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, zianze Oktoba 2017, wengi wanaotoka kusini hupita mbali na pwani ile.

Lakini nisiwapambe mno. Urafiki huo mara nyingi huishia kwenye mstari wa maji. Wanajuana wao kwa wao, na yule kijana anayewaletea pweza kwa ngalawa kila asubuhi hubaki kuwa "yule wa pweza". Wachache hujifunza kusema shikamoo. Lugha ni kikwazo, lakini pia kusi ikikaza wanang'oa nanga, na mtu hajishughulishi sana na asiyekwenda upande wake. Bibi wa ming'oko alikuwa na haki ya kushangaa.

Nilimweleza yote haya kwa kirefu, akawa anasikiliza huku akipanga mafungu yake, chumvi na pilipili pembeni. Nilipomaliza akasema, "Basi kama mjomba wako."

Nilikuwa nimesahau. Mjomba alikuwa mpishi wa jahazi lililoitwa Subira, akipikia juu ya sanduku la mchanga pale sitahani, akienda Kilwa na kurudi. Jahazi lilioza zamani pembeni ya mikoko. Mwaka aliofariki, alikuja mzee mmoja kutoka Kilwa Kivinje na mkoba wa ukindu, anapita nyumba kwa nyumba akiulizia kwa Subira. Watoto wa mtaani walimwambia hakuna mwanamke wa jina hilo hapa. Alipofika mlangoni kwetu nilikuwa karibu kumjibu vivyo hivyo. Shangazi akatoka ukumbini, akanisogeza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Naulizia kwa Subira."

"Ni hapa," akasema shangazi. "Karibu ndani."