Je, wajua? Spika ya wati 15 inaweza kuishinda ya wati 75

Spika ya amplifaya ya gitaa ikipasuka, swali la kwanza dukani huwa ni moja: ina wati ngapi? Iliyokufa ilikuwa ya 25, basi mteja anataka ya 75, akitarajia ngurumo mara tatu. Haiwi hivyo, na pengine sauti ikapungua.

Wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika ni umeme inaoweza kustahimili, si sauti inayotoa. Zisome kama tani kwenye mlango wa lori: zinakwambia libebe kiasi gani, hazisemi lolote kuhusu mwendo wake. Ukilipakia magunia mawili lori la tani 10, limebeba magunia mawili. Spika ya wati 75 kwenye amplifaya ya wati 20 hupokea hizo 20, basi. Tena lori kubwa ni zito hata likiwa tupu. Spika ya kustahimili joto jingi nayo mara nyingi huwa na koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) nzito, na sumaku hutaabika kuitikisa.

Joto lenyewe si dogo. Spika ya gitaa hugeuza asilimia chache tu za umeme kuwa sauti. Zinazobaki zote huishia kupasha koili.

Namba ya kutafuta ni unyeti: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazopimwa mita 1 kutoka kwenye spika iliyopewa wati 1. Kwa vipimo vya Celestion, kampuni ya Uingereza, spika yake ya Blue, ya wati 15, ina desibeli 100. G12T-75, ya wati 75, ina 97. Pengo la desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili! Amplifaya ya Vox AC30 ilijulikana kwa Blue mbili: wati 30 kwa wati 30, hesabu isiyoacha chenji. Leo ni busara kuacha nafasi, maana amplifaya ya valvu (mirija ya kioo badala ya transista) ikifunguliwa hadi sauti ikwaruze hupita wati zake za karatasi.

Hata unyeti usiuabudu. Kampuni hazipimi kwa namna moja, kwa hiyo tofauti ya desibeli 1 kati ya chapa mbili haina uzito. Wala unyeti haukuelezi ladha ya sauti.

Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, hazina mjadala. Kwenye amplifaya ya transista, usishuke chini ya omu zilizoandikwa kwenye tundu la spika, la sivyo mkondo utazidi na transista zinaweza kuungua. Ya valvu inataka zilingane. Na ukipima kwa mita spika ya omu 8 ukaona 6 na ushei, usiirudishe dukani: mita hupima waya uliotulia kwa umeme wa betri, ilhali hizo 8 ni za umeme wa muziki, unaokwenda na kurudi.