Kwa nini anacheza gemu saa tatu mfululizo, lakini hesabu tano zinamshinda?

Saa kumi na mbili jioni mama amemkalisha mwanawe mezani. Daftari liko wazi, hesabu ni tano tu za kuzidisha. Ya kwanza imekamilika. Ya pili imeandikwa 7 × 8 =, na mahali pa jibu pamechorwa basi lenye magurudumu, madirisha na kondakta aliyening'inia mlangoni. Saa mbili usiku jibu bado. Mtoto huyuhuyu, Jumamosi, alishika simu ya baba yake akacheza gemu asubuhi nzima, hata akiitwa kula hasikii. Mama anasema, "Akitaka anaweza. Huyu ni mvivu tu."

Ni rahisi kufikiri hivyo. Lakini kama mtoto ana ADHD, kumwita mvivu ni kumwonea, na nimeona watoto wakikua wakiliamini jina hilo. ADHD ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuelekeza umakini, kusubiri au kutulia kama watu wa umri wake. Herufi hizo ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya upungufu wa umakini na kutotulia, na jina hilo linapotosha kidogo. Umakini anao, wakati mwingine hata umezidi. Shida iko kwenye usukani wake.

Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kulipatia jambo uzito: hili lina faida, endelea nalo. Kwa mwenye ADHD, mfumo wa dopamini na wa noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, haufanyi kazi sawasawa na wa wenzake, hivyo kazi ambayo faida yake iko mbali haimsukumi. Gemu inalipa papo hapo: kila baada ya sekunde chache pointi, mlio, hatua mpya. Hesabu ya 7 × 8 hailipi chochote mpaka mwalimu asahihishe kesho. Mtoto anaweza kuitaka alama hiyo kwa moyo wote na bado mkono ukaendelea kuchora basi.

Kuna jambo jingine, la ukuaji. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walichapisha vipimo vya gamba la ubongo la watoto, yaani tabaka la nje la ubongo. Kwa wasio na ADHD, sehemu kubwa ya gamba hilo ilifikia kilele cha unene wake karibu na miaka 7 na nusu. Kwa wenye ADHD, karibu na miaka 10 na nusu. Ukuaji ulifuata mkondo uleule ila ulichelewa, hasa sehemu ya mbele inayohusika na kupanga na kujizuia. Ukimwona wa miaka kumi anakatiza mazungumzo kama wa saba, kumbuka hilo. Fimbo haiukomazi ubongo. Inamfanya tu alichukie daftari.

Si malezi mabaya, si mapepo, wala si soda. Hali hii hurithiwa sana: kwa tafiti za mapacha, karibu asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika dalili zake inatokana na urithi.

Hata hivyo si kila mtoto mapepe ana ADHD. Daktari hutafuta dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zilizodumu angalau miezi sita, na zinazoonekana sehemu zaidi ya moja, mathalani nyumbani na shuleni. Kwanza apimwe macho na masikio, aulizwe usingizi wake na kama kuna msiba au ugomvi nyumbani. Kuna kifafa kinachomfanya mtoto azubae sekunde chache bila kuanguka, na malaria iliyopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto shida ya umakini. Wasichana husahaulika zaidi, kwa sababu wengi wao hawarukiruki. Wanakaa kimya dirishani, mawazo yako mbali. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Mathari ya Nairobi zina wataalamu wa afya ya akili.

Nyumbani, badala ya "jiandae shule," msogelee, mwangalie usoni, mwambie, "Lete viatu." Akivileta, ndipo useme la pili. Kunja karatasi zionekane hesabu mbili tu. Akimaliza, msifu hapohapo, mtume kikombe cha maji, arudi kwa mbili nyingine. Weka saa ya mishale mezani, maana dakika kumi kwake hazina umbo mpaka azione zikitembea.

Dawa zipo pia. Methilifenidati, iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1944, ni kichangamshi, na bado humtuliza mtoto. Inaongeza dopamini na noradrenalini kati ya seli za neva, na kazi isiyovutia inapata uzito wa kutosha kushikika. Hupunguza hamu ya kula na huweza kusumbua usingizi, ndiyo maana daktari hufuatilia uzito, kimo na shinikizo la damu. Kwa walio chini ya miaka sita, huanza mafunzo kwa wazazi.

Wengi hubaki na dalili ukubwani, ila sura hubadilika. Kurukaruka kunahamia kichwani. Maharage yanaungua mara ya tatu wiki hii, bili ya umeme imesahaulika na hela ipo, kazi ya wiki mbili inafanywa usiku wa mwisho. Kengele za simu husaidia, funguo zenye msumari wake mmoja ukutani husaidia, na kufanya kazi ukiwa umekaa karibu na mtu mwingine husaidia kuliko unavyodhani. Watu wazima wengi hujigundua siku wanapompeleka mtoto. Mama wa lile daftari huulizwa kuhusu mwanawe: anapoteza vitu? Anaanza kazi asimalize? Anasahau alichotumwa? Anajibu ndiyo mara tatu, kisha ananyamaza, anakumbuka madaftari yake mwenyewe.